Jeraha la Mti na Swali la Mwenye Kutubu

Ndugu msomaji, yako maswali ambayo mwalimu wa dini huulizwa mbele ya watu, na yako mengine ambayo huulizwa baada ya watu kutawanyika, muulizaji akiwa ameshika viatu mkononi na sauti yake ameishusha. Swali tutakalolijadili hapa ni la namna ya pili.

Aliyeliuliza ni mtu wa makamo. Ujana wake aliuteketeza katika ulevi, na katika miaka hiyo alimtelekeza mkewe pamoja na binti yao mdogo, wasijue kama yu hai au amekufa. Baadaye aliacha pombe, akatubu, akawa mtu wa sala na wa kazi. Mke alikuwa amekwisha fariki. Binti amekuwa mtu mzima mwenye watoto wake. Baba alimwandikia barua tatu za kuomba radhi, wala hakupata jibu hata la moja. Basi akaniuliza hivi: "Mwalimu, mwasema Mungu humsamehe mwenye kutubu kwa kweli. Mimi nimetubu. Ikiwa nimesamehewa, mbona niliyoyafanya yangali yapo? Au toba yangu haikupokelewa?"

Sikumjibu siku ile, wala mimi simwamini sana mtu mwenye jibu la haraka katika jambo la namna hii. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani nilikumbuka mti mmoja, na kwa kuwa mti huo ndio ulionisaidia kulifahamu swali, nataka kwanza nikueleze habari zake.

Katika uwanja wa chuo cha dini nilikosoma ng'ambo palikuwa na mwarobaini mkubwa ambao chini yake tulikuwa tukidurusu masomo yetu wakati wa joto. Miaka mingi kabla ya sisi kufika, tawi lake moja nene lilikatwa kwa msumeno, likasawazishwa na shina kabisa ili papendeze, kisha pakapakwa lami. Mzee mtunza bustani alipenda kutuonyesha mahali pale. Gome jipya lilikuwa limelifunika jeraha lote, likabaki kovu la mviringo tu, mfano wa kitovu. "Tazameni," alikuwa akisema, "umepona kabisa."

Mwaka wangu wa mwisho mti ule uliangushwa kupisha jengo. Wapasuaji mbao waliupasua kwa urefu, nasi wanafunzi tukasimama kutazama. Msumeno ulipopita penye kovu, tuliiona lami ile ile ya zamani, nyeusi, kana kwamba imepakwa jana. Nyuma ya lami mti ulikuwa umeoza na kuwa laini hata uliweza kuumega kwa vidole, na uozo huo ulipanda juu na kushuka chini ndani ya shina kama nguzo ndefu. Hata hivyo, kuizunguka nguzo hiyo mti ulikuwa mzima, mgumu, wenye harufu yake ya uchungu. Mpaka kati ya uozo na uzima ulikuwa mstari mwembamba mweusi, dhahiri kiasi kwamba mtu angeweza kuufuata kwa ncha ya kidole. Mzee wetu aliinama, akautazama kwa muda mrefu, asiseme neno.

Nilidhani tumeona jambo la ajabu. Baadaye, niliposoma vitabu vya wataalamu wa misitu, nilifahamu kwamba tuliloliona ndiyo desturi ya miti.

Yafaa ifahamike kwamba mti hauponi kama mwili unavyopona. Ukijikata kidole, mwili wako huziondoa chembe zilizokufa na kuweka mpya pale pale zilipokuwa zile za kwanza. Baada ya majuma machache huenda hata wewe mwenyewe usikumbuke ni kidole kipi. Mti hauna uwezo huo. Sehemu kubwa ya shina ni chembe zilizokwisha kufa, zilizobaki kama mirija ya kupandishia maji na kama nguzo za kuubeba mti. Kinachokua kwa unene ni tabaka jembamba mno lililo hai chini ya gome, nalo huongeza mti mpya upande wa nje, juu ya ule wa zamani, kama mtu anayevaa kanzu juu ya kanzu asivue hata moja. Kwa urefu, mti hukua kwenye ncha za matawi na za mizizi peke yake. Ndiyo maana ukipigilia msumari katika mwembe mbele ya kifua chako, ukarudi baada ya miaka 20, utaukuta pale pale mbele ya kifua chako, ijapokuwa mwembe umekuwa mrefu maradufu. Wako watu wanaodhani msumari utakuwa umepanda juu pamoja na mti. La. Labda hutauona tena kwa macho, kwa kuwa mti umeumeza, lakini umo, na mpasuaji mbao atakayekuja kuuharibu msumeno wake juu yake atakuwa shahidi wangu.

Basi, ikiwa mti hauwezi kukitengeneza upya kilichoharibika, huishije baada ya kujeruhiwa? Kwa muda mrefu wataalamu hawakulitazama swali hili sawasawa. Katika karne ya 19 mwanachuoni wa Kijerumani, Robert Hartig, alionyesha kwamba uozo wa mti husababishwa na kuvu waingiao kupitia jeraha, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini watu walifahamu kutokana na hilo kwamba mti ni kitu kilicholala tu, kuvu wakiisha kuingia huula wapendavyo. Kwa hiyo waliokuwa wakitunza miti ya mijini, huko Ulaya na Marekani, waliifanyia kama daktari wa meno afanyavyo: waliukwangua uozo wote kwa patasi mpaka wakafikia mti mzima, kisha wakajaza pango lile kwa saruji.

Aliyeugeuza mtazamo huu ni Alex Shigo wa Idara ya Misitu ya Marekani, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2006. Waliomtangulia walizoea kuutazama mti uliokatwa kwa upana, kama tunavyouona kisiki. Yeye alichukua msumeno wa mota akaipasua miti kwa urefu, maelfu kwa maelfu, akafuata kila jeraha lilikotoka na lilikokwenda. Mwaka 1977, pamoja na mwenziwe Harold Marx, alitoa maelezo yake katika kijitabu kilichojaa picha. Kwa ufupi alisema kwamba mti hauponyi jeraha, bali hulifungia.

Aliueleza ufungaji huo kwa mfano wa kuta nne. Ukuta wa kwanza ni kuziba mirija inayopanda na kushuka. Huu ni dhaifu kuliko zote, na ndiyo sababu uozo wa mwarobaini wetu ulikwenda mbali juu na chini. Wa pili huzuia uozo usiende ndani kuelekea kwenye kiini, nao ni zile chembe nzito zinazomaliza kila pete ya ukuaji. Wa tatu ni mistari ya chembe zitokazo katikati kuelekea kwenye gome, mithili ya spoku za gurudumu la baiskeli, na kazi yake ni kuzuia uozo usizunguke pembeni. Kuta hizi tatu hutokana na mti uliokuwapo siku ya jeraha.

Lakini ukuta wa nne ni wa namna nyingine. Huo haukuwapo siku mti ulipojeruhiwa. Baada ya kujeruhiwa, lile tabaka hai chini ya gome hutoa chembe za namna ya pekee, zenye dawa kali dhidi ya kuvu, zikawa mpaka kati ya mti wote uliokuwapo kabla ya jeraha na mti wote utakaoota baada yake. Ule mstari mweusi tuliouona chuoni ndio huo. Ukuta huu ndio wenye nguvu kuliko zote, na maadamu haukuvunjwa, uozo hauvuki upana uliokuwa nao mti siku ile ulipoumizwa. Mti uliojeruhiwa ukiwa mwembamba kama mkono wa mtu, hata ukija kuwa na shina la kukumbatiwa na watu wawili, uozo wake utabaki ndani kwa unene wa mkono.

Naomba usiipite haraka habari hii. Jeraha lipo daima. Hakuna siku ambayo mti ule utakuwa mti usiopata kujeruhiwa. Hata hivyo kila kilichoota baada ya siku ile ni safi.

Tena, mti hulipa kwa kazi hiyo. Katika chembe zilizo hai ndani ya shina umewekwa wanga, yaani akiba ya chakula, na kwa akiba hiyo ndipo kuta hujengwa. Mti wenye njaa, ambao majani yake hukatwa mara kwa mara, hujenga kuta mbovu. Na eneo lililokwisha kufungiwa halitumiki tena kuwekea chakula. Ghala imepungua kwa kiasi hicho. Jambo jingine ambalo Shigo hakulificha ni kwamba ukuta wa nne una nguvu dhidi ya kuvu, lakini si imara katika kubeba uzito. Mti ukitikiswa na dhoruba, au mbao ikikauka, aghalabu ufa hufuata mstari huo huo.

Sasa angalia lililotokea kwa wale waliokuwa wakitibu miti kwa patasi na saruji. Walipokwangua mpaka wakafikia mti mzima, walikuwa wakiuvunja ukuta wenyewe, wakawafungulia kuvu njia ya kuingia katika mti ambao ulikuwa salama. Kwa bidii yao waliueneza uozo waliokuja kuuondoa. Nao waliopaka lami hawakuzuia kitu, kwani lami huficha jeraha lisionekane na kuhifadhi unyevu ndani, hali kuvu huendelea na kazi yao gizani. Hata kulisawazisha tawi na shina kwa ajili ya uzuri kulikuwa kosa: pale tawi linapoungana na shina pana uvimbe kama ukosi wa shati, na humo ndimo mti umeweka kinga yake. Ukiukata ukosi, umelijeruhi shina lenyewe. Mzee wetu hakuwa na lawama, maana alifanya kama alivyofundishwa, na waliomfundisha pia walifundishwa hivyo.

Turudi kwa yule mtu wa barua tatu. Swali lake lina mambo mawili yaliyochanganywa, naye akidhani ni moja. La kwanza ni hukumu, la pili ni tukio. Msamaha huondoa hukumu: deni likifutwa, mdai hadai tena. Lakini msamaha haulifanyi tukio kuwa halikutukia. Mtoto aliyelala njaa usiku fulani, alilala njaa usiku ule, wala hapana toba duniani wala mbinguni itakayoufanya usiku ule kuwa na chakula. Mwenye kutubu akiona matokeo ya matendo yake yangali yapo, asiseme hakusamehewa. Anachokitazama ni kitu kingine.

Huenda mtu akasema: "Ikiwa athari haziondoki, toba ina faida gani?" Anayesema hivi anajua namna moja tu ya uzima, ile ya kidole kilichokatwa, kwamba kitu ni kizima pale tu kinaporudi kama kilivyokuwa. Mti watuonyesha namna ya pili. Faida ya toba ni huo ukuta wa nne, kwamba kuanzia siku fulani yaliyooza hayali tena yanayoota. Miaka kumi ya mtu huyu bila pombe haikuoza. Na ile habari ya ufa nilimwambia pia, kwa kuwa yapo majumba ambayo wenzake wa zamani wangali wakimwita aende japo kuwasalimu. Mtu anayejua mstari wake ulipo hausimamishi mbele ya dhoruba makusudi ili kuujaribu.

Mwingine atauliza: "Mti hauna akili wala hiari, unawezaje kuwa hoja katika mambo ya tabia njema?" Ni kweli, wala mimi si miongoni mwa wale wanaopenda kusema kwamba miti huwaza na kuhuzunika. Mti haukusudii kujenga ukuta, hauna thawabu kwa kuujenga wala aibu kwa kushindwa. Nimeuleta kama shahidi wa neno moja tu, ya kwamba kitu kilicho hai chaweza kuwa kizima bila ya yaliyopita kuondolewa.

Yuko na anayekumbuka mibuyu. Katika sehemu kavu za nchi zetu watu huchuna gome la mbuyu kwa ajili ya kamba na vikapu, nao mbuyu huota gome jipya, hali mti mwingine ukichunwa kuzunguka shina lote hufa, kwa kuwa chakula kitokacho kwenye majani kupitia gome hakifiki tena kwenye mizizi. Je, mbuyu si dalili ya kwamba uko mti unaorudisha? Kwa sehemu, naam. Lakini ukiutazama mbuyu uliochunwa zamani, utaona bado mistari na vinundu pale kisu kilipopita. Yawezekana katika watu pia wamo wenye tabia ya mbuyu, wanaorudi upesi kuliko wengine. Isiwe sharti kwa wote.

Liko jambo moja ambalo mfano wa mti hauwezi kulifikia. Mti hauwezi kurudisha, mtu aweza. Aliyeiba ana mali ya kurudisha, aliyesingizia ana watu wa kuwaendea na kuwaambia kwamba alisema uongo. Kuzungushia ukuta jambo ambalo mkono wako ungali unaweza kulirekebisha si ukuta, ni lami. Nimeona watu wakiingia katika dini wakidhani wamepata ndoo ya lami ya kutosha maisha yao yote. Madeni ya jana hawataki hata kuyasikia, husema hayo yalikuwa kabla sijaongoka. Mdai naye anasema fedha zake zilikuwa zake hata kabla hujaongoka.

Nilipofika hapa katika fikira zangu, ndugu msomaji, niliona kwamba nimekosea tangu mwanzo. Mimi na yule mtu tulikuwa tukizungumza kana kwamba yeye ndiye mti. Lakini msumeno ulipita wapi? Yeye ndiye aliyeushika. Aliyekatwa ni mtoto wa miaka michache, na ikiwa mtoto yule alikua, akasoma, akaolewa, akalea watoto wake vizuri, basi amefanya hayo kwa ukuta alioujenga peke yake, kwa akiba ndogo aliyokuwa nayo. Kunyamaza kwake si lazima kuwe chuki. Huenda ndio ukuta wenyewe. Nazo barua tatu za baba, ambazo kila moja ilimtaka aseme neno la msamaha ili baba apate raha, ni kitu gani kama si patasi mkononi mwa mtu mwenye nia njema?

Mara nyingi sisi waalimu hatulioni jambo hili. Tunampenda mwenye kutubu kwa kuwa yuko mbele yetu, analia, anatutaka ushauri, aliyedhulumiwa hayupo. Basi tunatuma ujumbe kwa asiyekuwapo: samehe, sahau. Kusamehe ni daraja tukufu, sitaki kuipunguza hata kidogo. Lakini kumwambia mtu asahau ni kuuambia mti uugeuze uozo kuwa mbao, na kumharakisha asamehe kwa saa tunayoitaka sisi ni kukwangua mahali tusipopajua unene wake. Akitaka kuufungua mlango, ataufungua yeye, kutoka ndani.

Nilimweleza mtu yule haya yote siku ya pili, si kwa utaratibu kama nilivyoyaandika hapa. Alikaa kimya, kisha akauliza kama basi asiandike tena. Nikamwambia hilo sikulisema. Ada za shule ambazo hakumlipia binti yake, wajukuu wanazihitaji sasa. Na mkewe alizikwa kwa fedha za jirani mmoja ambaye angali hai na hajapata kulipwa.

Jirani alilipwa mwezi ule ule. Barua ya nne aliiandika nyumbani kwangu, akafuta mistari mingi, mwisho ikabaki nusu ukurasa. Ndani yake alitaja aliyoyafanya, bila ya kuyapamba na bila ya kutaja ulevi kama udhuru. Aliandika kiasi cha fedha atakachokuwa akituma kila mwezi kwa ajili ya shule, na kwamba fedha hizo hazidai jibu. Tangu hapo ametuma kila mwezi. Hundi hazijarudishwa, wala barua haijaja.